Gari Langu Halikonyezi Watu

Kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Magari,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KIJANA WAKO ANAYEITWA TOCHI, NA DHIDI YA TAA ZA KUKONYEZA KWA JUMLA

Mimi nina miaka themanini na moja. Nimeishi miaka mingi kuliko mafundi watatu waliokuwa wakilitengeneza gari langu, kuliko daktari aliyeniambia nikiendelea na chumvi sitafika mbali, kuliko kiwanda chenyewe kilicholiunda gari hilo, na kuliko wakuu wanne waliokalia kiti hicho unachokalia wewe. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema ili ujue unaandikiwa na nani.

Natumaini hujambo na ofisi haijambo. Mimi sijambo, ila hasira.

Shule nilisoma kidogo, nikaiacha ikiendelea. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na nikimaliza mke wangu atasahihisha herufi. Herufi tu. Maneno hagusi, nimemkataza.

Kwanza nikueleze gari lenyewe, maana vijana wako hawalijui, wamezaliwa juzi. Gari langu halina taa za kuwakawaka kwenye pembe. Lina mikono. Kwenye nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, kila upande, umelala mkono mdogo wa chuma wenye kioo cha rangi ya chungwa na balbu ndani. Nikibonyeza swichi, mkono unainuka kwenda nje, unawaka, unabaki umenyooka mpaka nimalize kona, kama mwanafunzi anayejua jibu. Kisha unarudi kulala. Ndivyo lilivyotoka kiwandani, na sijaona aliyezaliwa na akili ya kulisahihisha.

Mkono wa kulia unainuka wenyewe. Wa kushoto unataka kugongwa. Hiyo si kasoro, ni tabia. Mke wangu hukaa kiti cha kushoto. Mimi nabonyeza swichi, nasema, "Kushoto, mama!", yeye anagonga ile nguzo kwa ngumi, hapo juu ya bega lake, na mkono unatoka. Tunakwenda hivyo tangu siku ya kwanza nilipomtembeza, hata hajakubali kuolewa. Kona ya kwanza mkono ulikwama, mimi natukana kimoyomoyo, binti wa watu akainua ngumi bila kuagizwa, paa! Ukatoka. Nikajua nimepata mke. Siku ya harusi yetu aligonga akiwa ameshika shada la maua, nikafika ukumbini na majani ya maua kwenye kofia.

Sasa mjukuu wangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kiti cha nyuma ameniomba jambo moja tu, siku yake atoke nyumbani ndani ya gari la babu. Shangazi zake wote walitoka nalo. Basi nikaliosha, nikaling'arisha, nikalileta kwenu likaguliwe kama raia mwema. Likarudi na karatasi jekundu kwenye kioo cha mbele: HALIRUHUSIWI BARABARANI. Bibi harusi atoke na nini, mkokoteni?

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Huyo kijana wako. Watu wanamwita Tochi kwa sababu anamulika magari mchana kweupe, jua likiwa utosini. Alilizunguka gari langu akimulika pembe zote, kama anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Akauliza, "Mzee, indiketa ziko wapi?" Nikamwambia, "Simama hapo usome." Nikabonyeza. Mkono wa kulia ukainuka, mzuri, umenyooka. Foleni nzima ikapiga makofi. Dereva wa lori akapiga mluzi. Mtu mwenye adabu angeishia hapo na kuniomba radhi. Yeye akaenda moja kwa moja upande wa kushoto, kama aliyenong'onezwa. Akamsalimu mke wangu, "Shikamoo, bibi," na mke wangu akampa chupa ya maji baridi aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Simlaumu, ana huruma na wajinga. Kisha Tochi akasema, "Mzee, washa kushoto. Na wewe bibi tulia, mikono mapajani."

Mikono mapajani! Nikabonyeza, kimya. Nikasema, "Kushoto, mama!" kama siku zote. Mke wangu akanitazama mimi, akamtazama Tochi, akaitii serikali. Utii wa namna ile, tangu nimwoe, mimi sijapata kuuonja. Nikamweleza Tochi mfumo unavyofanya kazi, ngumi na kila kitu. Akasema, "Mzee, hiyo si indiketa, hiyo ni ndondi." Foleni ile ile iliyonipigia makofi ikacheka mpaka honi zikalia.

2. Maneno ya karatasi. Chini ya hilo jekundu ameandika kwa kalamu: "Abiria asiwe sehemu ya mfumo wa umeme. Kifaa cha kushoto kibadilishwe." Sasa nakuuliza wewe uliyesoma, kifaa cha kushoto ni nani? Ni mke wangu. Kwa hiyo serikali imeniandikia, kwa muhuri, nibadilishe mke. Kwa umri huu! Nilimsomea karatasi hilo jikoni, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Basi nibadilishwe, nimechoka." Huyo ni mwanamke jasiri, anatania hata akitukanwa na ofisi nzima.

3. Kukonyeza. Mnataka nifunge taa za kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Kwa lugha ya watu wazima huko kunaitwa kukonyeza. Mimi nimeendesha gari katika mji huu tangu barabara yenu kuu ilipokuwa na mashimo machache kuliko sasa, na sijamkonyeza mke wa mtu hata mmoja, ingawa nilikuwa na sura, muulize yeyote aliyebaki hai. Leo mnataka nikae kwenye foleni na kumkonyeza kila aliye nyuma yangu, wanawake, wanaume, polisi, gari la maiti. Na gari la maiti nalo linikonyeze. Hamuoni aibu?

Tena taa hiyo haina msimamo. Inasema ndiyo, hapana, ndiyo, hapana. Mkono wangu ukisema kushoto, ni kushoto mpaka mwisho wa kona. Watazame vijana waliokulia nyuma ya taa hizo. Huyu bwana harusi wetu gari lake linakonyeza mbele, nyuma na kwenye vioo vya pembeni. Alileta posa, akaahirisha harusi. Akapanga siku, akaahirisha. Ndiyo, hapana. Simlaumu mtoto wa watu, kajifunza kwenye dashibodi. Mwanangu wa kwanza naye, huyo anayeuza spea, alikuwa mwalimu, akawa mpiga picha, akawa sijui nani, na kila alipobadili kazi alikuwa na gari la kukonyeza. Mimi nina mke yule yule, nyumba ile ile, kofia ile ile. Tafuta tofauti ni nini. Ni mikono.

4. Kutoboa. Fundi Nyaya, ndiye fundi wangu wa umeme wa magari, wa nne huyu, ananiambia kila gari alilolifungia taa hizo lilitobolewa madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu. Madigadi ya gari langu yana rangi yake ya kiwandani. Nayasugua kwa fulana zangu mwenyewe, zile laini zilizochakaa, si kwa matambara ya watu. Eti niyatoboe. Bibi wa umri huo unamtoboa masikio leo, ili aende wapi?

5. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Karatasi jekundu libanduliwe, na gundi yake ifutwe, na asiyefuta vizuri akatwe masaa ya kupumzika. Tochi aletwe kwangu asubuhi kabla ya kazi afundishwe maana ya mkono, na tochi yake aiache getini. Kisha magari yote ya mji huu yarudishwe kwenye mikono, kuanzia la kwako, ili uwe mfano. Kila dereva awe na mtu wa kugonga kushoto. Asiye na mke aoe, asiye na mume aolewe, aliyeshindwa kabisa aajiri. Utaona watu watakavyopata kazi na ndoa zitakavyotulia, kwa upande wa kushoto peke yake. Na kama ofisi yako haina uwezo wa jambo dogo kama hilo, basi fungeni kona zote za kushoto. Tutakwenda kulia, kulia, kulia, na tutafika tu, maana wengine tulikuwa tunafika kabla yenu.

Ninangoja majibu ya maandishi, si ya tochi.

Nisalimie wote hapo ofisini, karani mwenye kikohozi, mama wa usafi aliyeniwekea kiti kivulini, mlinzi aliyenifungulia geti kwa heshima, na dereva wa lori yule mwenye mluzi akipita tena. Tochi usimsalimie. Au msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi mwenye gari lenye mikono,
dereva ambaye hajapata kugonga hata kuku.

Nyongeza:

Barua ilikuwa imekwisha. Nikampa mke wangu asahihishe herufi. Amesahihisha, amevua miwani, ameikunja, akasema, "Baba watoto, Tochi nilimwambia mimi."

Eti siku moja kabla ya ukaguzi alikuja ofisini kwenu kwa miguu, mimi nimelala usingizi wa mchana. Akamwambia kijana wako atazame kushoto, na amwamuru yeye mikono mapajani, maana nikisema mimi "Kushoto, mama!" ngumi inakwenda yenyewe. Na taa anazo. Alimwagiza mwanangu wa spea siku nyingi, akazificha ndani ya sufuria kubwa, akijua sufuria mimi sifunui.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nimekuambia kila mwaka, wewe unasikia injini tu. Nimegonga harusi yangu. Nimegonga harusi za wanangu wote. Bega hili sasa hata kuanika nguo ni kazi. Jumamosi nataka kukaa nyuma na mjukuu wangu, nimshike mkono. Ama taa, ama mimi na yeye tunapanda gari la bwana harusi, na wewe tufuate na mikono yako."

Nilinuna tangu chakula cha mchana mpaka Fundi Nyaya alipogonga mlango. Naye alikuwa ameshaitwa. Hakutoboa kitu, amezifunga chini ya bampa kwa vibano, kwa hiyo namba nne ifute. Mikono ya zamani imebaki mahali pake na swichi ni ile ile moja, hilo sikukubali mjadala.

Nilizijaribu hapo uani. Mke wangu alikuwa anaanika mashuka. Nikabonyeza swichi, taa ya mbele ikamkonyeza. Akasema, "Mzee mzima wewe, hebu acha." Nikamkonyeza tena. Akajificha nyuma ya shuka, mabega yanacheka. Namba tatu nayo ifute.

Halafu akaingia kiti chake cha kushoto tulisogeze gari mpaka getini, si zaidi, karatasi lenu tumeliheshimu. Nikabonyeza kushoto. Sikusema neno. Taa ikakonyeza yenyewe, safi kabisa. Na ngumi yake ikainuka yenyewe, paa! Mkono ukatoka. Tukatazamana. Akashika bega, akasema, "Aa, mazoea mabaya haya." Nikamsugua bega mpaka mkono wa gari ukarudi kulala.

Basi mtume Tochi aje abandue karatasi lake kabla ya Jumamosi, mjukuu wangu asitoke nyumbani na doa jekundu kiooni. Maji baridi yapo. Mashahidi wa haya yote ni Fundi Nyaya, mshonaji wa ng'ambo ya barabara ambaye dirishani kwake hakosekani, na mke wangu mwenyewe, isipokuwa yeye atakana kwamba aligonga. Akikana, Tochi atoe tochi yake amulike nguzo ya kushoto, kwa ndani. Rangi imetoka, bati limebonyea, na ngumi yake inaingia pale sawasawa.