Bahari ya Chairman

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, samaki mdogo kama kucha alipoonekana akiogelea kwenye maji ambayo Maxwell alikuwa ameapa yametoka Mombasa.

Mpaka hapo kazi ilikuwa imenyooka. Maxwell alikuwa mtu wa Migori, mwenye ulimi laini, aliyewahi kumuuzia pasta kipande cha bomba kwamba ni dhahabu ya machimboni, na pasta akamwombea baraka. Wiki mbili nyuma alipita Homa Bay kwa Chairman Boaz, mwenye gesti na mkuu wa kamati ya mradi wa wavuvi, akaona vitu viwili. Sebuleni kulikuwa na tangi la kioo, refu kama jeneza, tupu. Stoo nyuma kulikuwa na masanduku kumi na mawili ya injini za boti, bado na muhuri wa mradi. Wavuvi wa Rusinga walikuwa wakizingoja injini hizo huu mwaka wa pili. Lakini wakubwa mnawajua. Kitu cha maskini lazima kwanza kipumzike kwao.

"Nataka samaki wa bahari, wale wa rangi rangi," Chairman alisema. "Wageni wa Nairobi, wafadhili wa mradi, wanakuja Aprili. Ngege, huyu samaki wetu wa ziwani, wameshamla mpaka wamechoka."

Ziwa lilikuwa pale nje ya mlango, limejaa, bure. Ndiyo maana halikuwa na heshima.

"Jaduong', mzee wangu, mimi naleta maji ya bahari yaliyo tayari," Maxwell alisema. "Yamefungwa kwenye mitungi. Wewe ni kumwaga tu."

"Na wewe unataka nini?"

"Pesa huleta maneno. Nipe sanduku moja pale stoo."

Chairman alikubali haraka mno. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Maxwell alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Alichota mitungi thelathini ziwani kabla jua halijatoka, akatia chumvi ya ng'ombe aliyoinunua soko la Ndhiwa. Kipimo alikisoma kwenye simu. Chumvi ilikuwa ghali, akatia robo ya kipimo.

"Sasa, Jaduong', tangi jipya halitiwi samaki," alisema akimaliza kumwaga. "Maji lazima yaive wiki sita. Unatupa kipande cha samaki kioze, wanakuja wadudu wasioonekana, wanakula ule uchafu, maji yanakuwa safi."

La ajabu ni kwamba hilo lilikuwa kweli. Lilikuwa neno la kweli pekee alilosema mwezi huo, na alilipenda kwa sababu wiki sita zingemkuta ng'ambo ya mpaka. Chairman naye alilielewa upesi. Mambo ya kuoza alikuwa ameyazoea. Ya kusafisha ndiyo yalikuwa mageni.

Basi Jumanne hiyo Maxwell alikuja na gari la Probox, akapakia sanduku lake. Akasikia anaitwa.

"Omera, kaka, hebu njoo uone bahari yako."

Alikuwa Roseline, mpishi wa gesti, mzaliwa wa Rusinga. Kidole chake kilikuwa kwenye kioo.

"Huyo... alikuja na maji," Maxwell alisema. "Ni wa Mombasa."

"Huyo ni ngege. Mimi nimeparua ngege kabla sijajua kuvaa viatu. Na maji nimeonja. Chumvi yako haitoshi hata sufuria ya sukuma."

"Dada, punguza sauti."

"Nitapunguza. Hilo sanduku linaenda wapi?"

"Migori."

"Linaenda Rusinga, kwa ndugu yangu Cephas. Alitiliwa sahihi kwamba amepokea injini, na bado anapiga kasia mpaka mabega yanalia. Ama nimwite Chairman aje amsalimie ngege?"

Roseline akapanda mbele, kisu cha jikoni kwenye mkoba. Cha kukatia muhuri, alisema. Walivuka daraja la Mbita mpaka Rusinga.

Ufukweni Cephas alikata muhuri, akafunua ubao. Ndani kulikuwa na mawe manne, yamefungwa vizuri kwa magazeti.

Maxwell alikaa mchangani. "Huyu mtu ni mwizi!" alilia, na uchungu wake ulikuwa wa dhati. "Mtu mzima! Hana hata aibu!"

Roseline alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. "Pole, omera. Wewe umemuuzia ziwa, yeye amekuuzia mlima." Kisha akamtazama ndugu yake aliyekuwa bado ameinama juu ya yale mawe. "Wewe una ulimi. Tai ya kuvaa unayo?"

Wageni walikuja Aprili. Maji yalikuwa yameiva kweli, na ngege alikuwa mkubwa kama kidole.

"Huyu ametoka Mombasa," Chairman aliwaambia, na simu zikapiga picha.

Hapo wakaingia wavuvi kumi na wawili, kasia begani, na mbele yao Maxwell, tai shingoni.

"Waheshimiwa wageni, hawa ndio wenye injini. Chairman, kwa upole wake, amewaita wafungue masanduku mbele yenu. Karibuni stoo, picha huko ni nzuri zaidi."

Wageni walipiga makofi. Chairman alifungua mdomo, akafunga, kama yule ngege.

Muhuri wa kwanza ulikatwa: mawe. Wa pili: mawe. Walipofika wa kumi na moja, hakuna simu iliyokuwa imeshushwa. Roseline aliweka birika chini, akauliza polepole, kama anayeuliza chai itiwe sukari ngapi:

"Jaduong', injini ziko wapi?"