Marehemu Babu Miwani, Msomaji Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu changu kimetimiza mwezi tangu kitoke. Maoni ya wasomaji hadi leo: kimya. Kimya cha makaburini! Hata kutukanwa sijatukanwa.

Na riwaya yenyewe ni tamu. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema. Inaitwa "Miungu Wapangaji". Miungu wa kale wamekosa waumini, wamehamia mjini, wamepanga vyumba katika jengo moja la ghorofa. Mungu wa radi ni fundi umeme na kila siku anapigwa shoti. Mungu wa bahari anazibua vyoo. Mungu wa usingizi ni mlinzi wa benki, na halali. Nani asiyetaka kusoma haya? Watu wote, inaonekana.

Dada yangu nilimpa nakala ya bure. Leo nimempigia kumuuliza kitabu kimefika wapi. Akasema kimefika mbali. Moyo ukaruka! Kumbe kimefika kwa wifi yake, kinategemeza mguu wa meza. Kisha akauliza nitamrudishia lini pasi yake.

Kazini, kama kawaida. Kutwa nzima nimesimama mbele ya mashine ya kutoa nakala. Vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi, ramani ya kiwanja cha mtu. Karatasi zote za mji huu zinasomwa isipokuwa zangu.

Jumanne, 4 Machi

Makubwa! Mkutubi wa maktaba amekitaja kitabu changu kwenye kundi la wasomaji la simu. Nimo humo kwa jina la Mwandishi. Nikakaa juu ya katoni ya karatasi kusubiri sifa.

Akajibu mtu mmoja tu. Anajiita Mwalimu Mstaafu. Alifundisha sarufi maisha yake yote na haikumtosha. Akasema sentensi yangu ya kwanza ina kosa. Nimeandika "miungu wengi walihama". Yeye anataka "miungu mingi ilihama". Mungu, miungu, mti, miti, mkate, mikate. Akauliza je, dukani naomba "mikate wawili"?

Kundi zima likacheka. Watu ambao hawajawahi kuchangia neno wakatuma vikaragosi vinavyotoa machozi. Ndiyo maoni yangu ya kwanza katika maisha ya uandishi. Mikate!

Chai ya jioni nimekunywa kwa hasira, nikaunguza ulimi.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimenunua laini ya pili.

Karibu, Babu Miwani! Ni mzee mstaafu, mpole, anaishi peke yake, amesoma vitabu vya dunia nzima. Picha yake ni miwani iliyosahauliwa dukani na mteja. Nimeipiga juu ya kaunta, mwanga ukiwa upande wa dirishani. Inaonyesha busara.

Babu akaingia kundini kwa adabu. Akasema ameisoma "Miungu Wapangaji" mara mbili na mbavu bado zinamuuma. Kuhusu sarufi, akamkumbusha Mwalimu kwamba hatusemi "mitume mingi". Chenye uhai hupewa heshima ya uhai! Safi sana, Babu.

Mwalimu akajibu kwamba mitume walionekana wakila na kulala, lakini hao miungu wangu aliwaona nani? Kisha akauliza, kwa mtego, ni sehemu gani Babu aliipenda zaidi. Babu akamtajia papo hapo: pale mungu wa usingizi anapokaa na bibi asiyeweza kulala, naye anakiri kwamba hata yeye halali.

Halafu Mwalimu akaandika kwamba na yeye alipofika hapo alikiweka kitabu mapajani. Akarudia ukurasa. Akazima redio.

Amekisoma! Amefika ukurasa wa sehemu hiyo, na hiyo iko karibu na mwisho! Nilisimama katikati ya duka nimeshika stepla kama mtu aliyetunukiwa kombe. Ila hakuniambia mimi. Alimwambia Babu Miwani.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu amemfuata Babu pembeni, nje ya kundi. Wanazungumza tangu jana. Ni mjane. Watoto wako ng'ambo, wanampigia siku za sikukuu na kuharakisha. Anapenda dirisha la jikoni, kwa sababu linaonyesha njia na watu wanaopita.

Asubuhi alimuuliza Babu ameamkaje. Mchana akamuuliza amekula nini. Babu alikuwa amekula mkate mkavu na chai, kwa kuwa ndivyo nilivyokula mimi. Akamwambia mtu mzima hali hivyo, apike hata mayai. Basi nikapika mayai. Miaka mingapi sijaulizwa kama nimekula? Nilikula nikiitazama simu, nimeiegemeza kwenye kikombe.

Nikaona nitumie nafasi. Nikamwandikia mimi mwenyewe, Mwandishi, nikimshukuru kwa kusoma. Alijibu upesi. Makosa yangu yote, ukurasa kwa ukurasa, na mwishoni: Kazi njema.

Dakika hiyohiyo akamwandikia Babu: Umepumzika, ndugu yangu?

Ndugu yangu! Mtu hana hata mwili!

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Mwalimu alimwomba Babu, kwa upole wa kuvunja mifupa, akubali tu kwamba ni "miungu mingi". Alisema atafurahi sana. Nani angemkatalia? Babu akakubali. Nikabonyeza kabla sijafikiri.

Kumbe nilibonyeza kundini! Wote wakaona. Mkutubi akaandika kwamba hata shabiki mkubwa wa kitabu amekiri kosa, na akamtaka Mwandishi aseme neno. Nikaingia kama Mwandishi kujitetea. Kundi likamtaka Babu ajibu. Babu akajibu. Mchana kutwa nimegombana na nafsi yangu hadharani, nabadilisha laini mpaka kidole gumba kikafa ganzi.

Nimeshindwa. Watu wamempongeza Babu kwa busara. Mimi nimeitwa kijana mwenye kiburi. Mwalimu amemwambia Babu asijali, waandishi wa siku hizi hawafundishiki.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimo mfukoni, laini ya pili.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Mwalimu anataka kuonana na Babu Miwani. Ijumaa, chumba cha chai cha maktaba. Atafunga kitambaa cha buluu ili asimpotee. Amesema ana aibu kidogo, hajakaa mezani na mtu siku nyingi.

Babu akakubali! Mjinga yule! Mimi, yaani. Vidole vilijibu vyenyewe kwa furaha.

Nimefikiria kusema ukweli. Nimefikiria wakati wote niliokuwa natoa nakala za tasnifu ya mwanafunzi mmoja kuhusu magonjwa ya kuku, na ilikuwa tasnifu nene. Nikisema, atampoteza Babu na atanichukia mimi. Nisiposema, atakaa pale mezani na kitambaa chake akingoja miwani.

Bosi alinifokea. Nimetoa kurasa zote za kuku kichwa chini.

Kisha wazo likaja, na nilipolipima nikaliona halina ufa. Babu ni mzee. Wazee hufa. Mwalimu atabaki na majonzi na kitabu. Na kitabu kina mwenyewe! Atamgeukia nani kama si Mwandishi?

Jumatano, 12 Machi

Nimemuua.

Niliandika tangazo asubuhi kabla duka halijafunguliwa, kwa laini ya Babu mwenyewe. Lilisomeka hivi: "Nasikitika kuwatangazia kwamba nimefariki dunia alfajiri ya leo. Asanteni kwa upendo wenu."

Nimefariki! Nilikuwa nimezoea sana kuwa Babu. Nikaona kosa baada ya mkutubi kuuliza kwa hofu kulikoni. Nikajitupa kama mjukuu wa marehemu, nikaeleza kwamba Babu mwenyewe aliacha maneno hayo, akaamuru yatumwe yalivyo.

Nikajua Mwalimu atanikamata. Mtu anayeona kosa katika "miungu wengi" ataiachaje "nimefariki"? Mwisho akaandika kwamba aliwafundisha watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, kwamba kitenzi hicho hakina nafsi ya kwanza kwa wakati huo, kwa kuwa hakuna wa kukisema. Babu Miwani amekisema. Hajaona sentensi yenye heshima kama hiyo, na hatairekebisha.

Kundi likafurika pole. Watu ambao hawakumjua wakamwita nguzo. Mkutubi ameweka mshumaa. Mimi nilibandua wino uliokauka kwenye mashine, nikajiambia sasa ni kusubiri. Majonzi yakipoa, zamu yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Alasiri, duka likiwa tupu, akaingia bibi mfupi. Kitambaa cha buluu. Nguo za kutokea, viatu vimepigwa rangi. Nikasema shikamoo. Marahaba, mwanangu, akasema, akaweka simu yake kaunta.

Alitaka nimchapie mazungumzo yake yote na rafiki yake aliyefariki, kisha niyatie jalada. Herufi ziwe kubwa, macho hayamsaidii. Alisema ametoka maktaba. Siku hii ilikuwa imekwisha kupangwa, hakujua aifanyie nini, kwa hiyo alivaa akaenda hivyo hivyo. Akaagiza chai ya watu wawili. Akainywa yote.

Nikachapa. Karatasi zikatoka moja moja, za moto, maneno yake kulia na yangu kushoto. Mayai yale yalikuwemo.

Akaniuliza kama nasoma vitabu. Nikasema kidogo. Akaniambia ipo riwaya moja ya miungu, ina makosa kama mchele una mawe, lakini mwenye meno ya subira atashiba. Ndiyo iliyowakutanisha. Tatizo ni mwandishi wake. Hana utu. Amefiwa na msomaji aliyempenda kuliko wote, na hata neno la pole hakuliandika kundini.

Kweli! Katika pilikapilika za kumuua Babu nilisahau kutuma pole kwa laini ya kwanza!

Hapo ndipo ningesema. "Ni mimi." Maneno mawili, na hata yeye asingepata kosa la sarufi ndani yake. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza anataka jalada gumu au laini.

Gumu, akasema, lidumu.

Nilipokuwa natoboa matundu, aliniangalia usoni, akasema inaonekana na mimi nina msiba. Nikasema ndiyo. Akauliza nimefiwa na nani. Nikasema babu. Akaushika mkono wangu juu ya kaunta, akasema pole, mwanangu, pole sana. Tukasimama pale wawili tunamlilia mtu mmoja, na mmoja wetu ndiye aliyemuua.

Alipoondoka, jalada kifuani, aligeuka mlangoni akaniambia nihakikishe nakula. Nikaitikia. Kisha nikaikumbatia mashine, kwa kuwa ilikuwa bado na joto. Bosi alitoka stoo akasema nisilie juu ya kioo, unyevu unaharibu.

Jumapili, 16 Machi

Siku mbili nimejitafakari. Sikwenda popote, simu haikulia. Nimeitazama roho yangu bila kujionea huruma, na kosa langu nimeliona wazi.

Babu Miwani hakuwa na ndugu.

Nimenunua laini ya tatu. Karibu, Babu Bakora, mdogo wake marehemu! Huyu nimempanga vizuri. Macho yake hayaoni tena maandishi, mjukuu ndiye humwandikia. Hawezi kusafiri, kwa hiyo habari za chai zisahaulike. Amemwandikia Mwalimu kumshukuru kwa kumpenda kaka yake, na kusema angetamani kukijua hicho kitabu kilichomchekesha marehemu.

Kwa laini ya kwanza nimetuma pole kundini. Hakuna aliyejibu.

Lakini Mwalimu alimjibu Babu Bakora! Kwanza alimuuliza amekula. Kisha akasema kama macho yamekataa, masikio je? Atamsomea yeye, sura baada ya sura, kwa sauti, atume kwenye simu. Atakuwa anarekebisha makosa humo humo njiani.

Sura ya kwanza imefika. Nimeisikiliza nimekaa kitandani na viatu miguuni. Sauti yake ni ya darasani, inasimama kwenye kila nukta. Mungu wa radi alipopigwa shoti, Mwalimu alicheka, akaomba radhi, akaendelea. Mtu anasoma kitabu changu! Nimelia mpaka nikaishiwa, nikairudisha mwanzo.

Babu Bakora amemwambia amesoma vizuri mno. Mwalimu amefurahi, amemwita ndugu yangu.

Hilo "ndugu yangu" sijalipenda. Mapema mno. Lakini huyu hafi, nimeapa. Akizidi kupendwa kuliko mimi, nitampeleka ng'ambo.