Routeur Mbili za Avenue Mapendano

(Maneno ya Chef Anastase Niyonsenga, mukubwa wa avenue mu muji wa Goma na coordonnateur wa projet, mbele ya wakaaji waliokusanyika kiwanjani, juu ya mawe meusi ya volkano, Jumamosi asubuhi. Mbele yake kuna meza yenye kitenge kipya kinachogusa chini. Juu ya meza kuna routeur moja nyeupe inayowaka taa ya kijani.)

Bwana mwakilishi wa mwakilishi wa bwana maire, ambaye kwa sababu ya majukumu makubwa ya État hakuweza kufika, na ambaye leo anawakilishwa na kiti chake hiki tulichokifuta vumbi. Bachef wa avenue jirani. Wakuu wa nyumba kumi. Wachungaji, mapadri na wanakwaya wa makanisa yote. Mama Présidente wa wauzaji wa samaki sambaza, uliyepanda toka Kituku, kule ziwani, na beseni yako kichwani. Ndugu zetu mulioacha mashamba na ng'ombe zenu Masisi na Rutshuru, na sasa muko mu mahema ya bâche kule Lac Vert. Vijana, wazee, na wewe Papa Laurent unayesimama nyuma kama mutu asiyetaka kuonekana. Kila mumoja kwa cheo chake, kwa daraja lake na kwa qualité yake, protokole yote ikiwa imechungwa: ninawasalimia, na kupitia mimi projet inawasalimia.

(Makofi ya watu wachache. Mutu mumoja anauliza kama kutakuwa Fanta.)

Fanta iko mu phase ya tatu.

Mabibi na mabwana, tumekutana hapa kwa cérémonie ya uzinduzi rasmi na solennel wa Projet Intégré wa Routeur Mbili kwa Tahadhari ya Volkano na ya Usalama, ambao niliuwaza mimi, nikauandika mimi, nikauvalider mimi, na leo, kwa unyenyekevu wote munaonijua nao, ninauzindua mimi. Watu wengi, hata wale wenye diplôme d'État, wamekuja kwangu wakiniuliza, Chef, kama fournisseur wa internet ameshatuletea routeur yake, ya pili ni ya kufanya nini? Nawajibu kwa njia ya technique, lakini polepole, ili hata mutu wa kwaya asikie.

Routeur ya fournisseur ni mama. Yeye ndiye anayepokea internet toka inje. Lakini huyu mama ni mutu wa kampuni: kanuni za ndani ni za kampuni, na akishavuka kuta mbili za mawe yetu haya amechoka. Basi mutu mwenye akili anajinunulia routeur yake mwenyewe, ambayo ni mutoto. Anamufunga nyuma ya mama kwa waya. Mama anapokea, anamupa mutoto, na mutoto anagawa mu nyumba yote, kwa jina alilopewa na mwenye nyumba, kwa password ya mwenye nyumba, mupaka mu chumba cha mwisho. Haumutoi mama ili umuweke mutoto. Mutoto peke yake hana kitu cha kugawa. Wanakaa wawili kando-kando, na hiyo kwa Kifaransa tunaiita cohabitation. Ndipo nikajiuliza, kama inafaa nyumba moja, kwa nini Avenue Mapendano nzima isiwe nyumba moja?

(Makofi. Muzee mumoja anatikisa kichwa, akisema kwamba hapo Chef amesema kweli.)

Mutakumbuka mulima ulipopasuka. Mutakumbuka anga ilivyokuwa nyekundu, na barabara zikajaa, wengine wakielekea Sake, wengine barrière ya mupaka wa Rwanda. Siku ile kila mutu alibeba kile alichokiona ni cha maana. Mama wengine walibeba matelas za kulalia. Wengine walibeba mbuzi. Papa Laurent hapa alibeba mulango wa nyumba yake, na nyumba akaiacha. (Kicheko. Papa Laurent anasema mulango ule ulikuwa wa mbao ya libuyu, na mutu angeuiba.) Mimi nilibeba routeur ya fournisseur. Nilikuwa nimekabidhiwa kwa niaba yenu, kutokana na mchango wenu, na nikasema volkano haitakula mali ya wananchi. Nikaikumbatia kifuani, nikakimbia mbele ya population, sababu mukubwa anatangulia, mupaka nikavuka nayo Gisenyi, nzima, na waya zake zote na carton yake. Kuna wakubwa mu muji huu waliookoa nini? Mimi naacha swali hilo hapo.

(Makofi marefu kidogo kutoka kwa secrétaire wa Chef.)

Kisha, kabla hata majivu hayajapoa, vita ikarudi. Waasi wakashika barabara ya Rutshuru, watu wakaanza kushuka na vyombo kichwani, antenne za simu kule zikaanza kufa, na familia zikabaki zimekatwa vipande viwili. Je, Chef alilala? Chef hakulala. Mu muda ule mugumu nilitafuta, nilibisha milango, nikanunua hii munayoiona kwa macho, yaani routeur yetu wenyewe, personnel, ya wananchi, yenye antenne nne. Fournisseur anatoa antenne mbili. Sisi tuko na nne. Hesabu mutafanya wenyewe.

Na sasa chiffres, hesabu yenyewe, sababu mukubwa asiye na chiffres ni mwimbaji tu. Mupaka leo asubuhi, simu mia tatu na kumi na mbili zimeona jina ALERTE MAPENDANO kwenye écran. Simu mia tatu na kumi na mbili zimekubaliwa na password. Yaani asilimia mia moja. Barres za réseau ziko zote, kijana mwenye simu ya kupasuka kioo na mutajiri mwenye simu ya Dubai wote barres zao ziko sawa, na hiyo ni haki ya kijamii. Najua, chini ya barres panaandikwa «Connecté, sans Internet», yaani umeunganishwa, bila internet. Kuna watu wa roho mbaya mu avenue hii wanaosoma mwisho tu wa maneno. Mimi nawaomba musome mwanzo. Connecté. Hilo tumelifikia. Internet iko mu phase ya pili.

(Minong'ono. Kijana mumoja anasema phase ya pili ndiyo ilikuwa ya kwanza.)

Tena kulikuwa na technicien anaitwa Olivier, mutoto wa hapa, tuliyemuita kwa heshima aje aone. Badala ya kuona, akainama chini ya kitenge akafuata waya ya routeur, akasema waya inafika kwenye muguu wa meza na hapo inaishia. Nikamuambia, mwanangu, wewe uko na kazi ya waya, mimi niko na kazi ya vision. Akarudi kwake.

Lakini wacha niache chiffres nije kwa bénéficiaires, sababu projet ni watu. Mama Nyiransabimana, sogea mbele kidogo watu wakuone. Usione haya.

(Mama Nyiransabimana, mukimbizi wa Kalengera, kule Rutshuru, anayepanga chumba mu avenue, anasogea hatua moja. Simu yake ameishika juu kwa mkono wa kuume, jinsi anavyoishika tangu juzi.)

Huyu mama ni mufano. Binti yake Umuhoza alibaki Kalengera na watoto wawili. Kule simu ya kawaida haipiti tena, ni mufanya biashara mumoja tu mwenye antenne ya satellite anayefungulia watu WhatsApp dukani kwake. Jumatano, Umuhoza akamuandikia mama yake: Jumamosi tunataka kushuka Goma na pikipiki, barabara iko namna gani, nangoja neno lako. Mama akauliza watu waliofika, wakamuambia Kibumba, katikati ya barabara, wanapiga risasi. Akarekodi sauti, vizuri kabisa, sauti ya wazi, mimi nimeisikia, anasema: Umuhoza, musitoke, mubaki hapo hapo, Kibumba wanapiga. Sasa mega zake za internet zilikuwa zimekwisha, na Alhamisi nikamukuta anaenda kununua zingine kwa Héritière, muuzaji wa mega, pale chini ya mwavuli wake, parasol. Nikamukataza. Nikamuambia, mama, mutu wa kuhama kama wewe, kwa nini utupe pesa ya maharagwe wakati Chef amekuletea internet ya bure? Unganisha hapa. Akaunganisha. Ndiyo heshima hiyo ninayoitaka kwa wananchi.

Onyesha simu, mama. Munaona? Kando ya sauti yake kuna kasaa kadogo. Watu wasiojua wanasema kasaa maana yake ujumbe haujatoka. Mimi nimefanya étude. Ujumbe wa WhatsApp unapita mu étape nne: kasaa, kisha alama moja, kisha alama mbili, kisha alama zinakuwa bleu. Kasaa ni étape ya kwanza. Yaani mu siku mbili tu tumefikia asilimia ishirini na tano.

(Hakuna makofi. Mama Nyiransabimana anashusha simu, anaitazama, anamutazama Chef. Anasema kwa sauti ya chini, lakini kiwanja chote kinamusikia: «Chef, umesema mutoto peke yake hana kitu cha kugawa. Mama ya hii routeur iko wapi?»)

Ni question pertinente sana, mama, na ninakushukuru kwa kuiuliza kwa adabu. Itajibiwa mu remerciements, wakati wa kushukuru. Secrétaire, andika kwamba population ilishiriki.

Sasa nawaomba wote musimame tuseme pamoja, sauti ifike mupaka kwenye mulima. Routeur mbili! (Secrétaire: «Avenue moja!») Mama na mutoto! (Secrétaire na muzee: «Kando-kando!») Volkano ikilia! (Secrétaire: «Tuko connectés!») Waasi wakija! (Secrétaire anatafuta mu karatasi yake, haoni.) Waasi wakija, vile vile tuko connectés. Asanteni.

Imebaki kushukuru. Namushukuru bwana maire kwa kiti chake. Namushukuru Papa Laurent aliyetoa batterie ya gari lake ili taa hii ya kijani iwake, sababu bila batterie mungeona nini leo? Nawashukuru mama walioazima kitenge. Na kwa mwisho, kutoka chini ya roho yangu, namushukuru bibi yangu, Madame Henriette, ambaye tangu mulima ulipopasuka anakaa Gisenyi na watoto wetu, na ambaye mupaka leo anachunga routeur ya fournisseur juu ya kabati, buffet ya salon, na kitambaa cha kufuma juu yake ili isipate vumbi. Inafanya kazi bila shida. Watoto wanasoma nayo, wanaangalia mupira. Kwa hiyo, mama uliyeuliza, usiwe na wasiwasi: mama ya routeur hakupotea, yuko salama, yuko kando yetu, katikati kuna barrière tu. Waya ya kuwaunganisha iko mu étude. Hata maneno haya ninayowasomea nilimutumia Madame Henriette asubuhi, na mega zangu mwenyewe nilizonunua kwa Héritière, na kabla sijamaliza chai, alama zilikuwa mbili, na zilikuwa bleu.

(Héritière anatoka chini ya parasol yake. Anachukua simu mikononi mwa Mama Nyiransabimana, anazima Wi-Fi, anamutumia mega. Simu inalia. Kabla ile sauti ya Alhamisi haijatoka, inaingia ya Umuhoza, ya leo alfajiri. Héritière anaifungua, na kiwanja kinasikia: «Mama, tulingoja neno lako, ukanyamaza. Tukajua basi barabara ni nzuri. Tuko juu ya pikipiki, tunatoka.»)

Munasikia? Ujumbe umepokelewa hapa hapa kiwanjani, mu mipaka ya projet, mbele ya mashahidi. Secrétaire, andika: résultat ya kwanza.

(Mama Nyiransabimana amekwisha geuka. Anakaza kitenge kiunoni, anaelekea barabara ya Kibumba, simu kwenye sikio, akipiga na kupiga tena. Papa Laurent anamufuata, kisha Héritière, kisha Mama Présidente na beseni yake, kisha wengine wote.)

Mama, ngoja kidogo. Mama Nyiransabimana, nisikilize mimi mukubwa wako. Usivuke ile poto ya umeme, nguzo ya mwisho ya avenue. Ukiivuka, unatoka mu réseau.