Tovuti Mbili Chini ya Mifugo

Jumatatu, 12 Januari
Nimeanza kujitolea katika kituo cha kompyuta cha kanisa letu hapa Kitengela. Tuko wawili: mimi na Nyawira, niliyemaliza naye kidato cha nne. Baada ya wiki mbili Bwana Wahome, msimamizi, atamwajiri mmoja wetu. Atakayebaki ajitafutie. Mimi nimeshatafutiwa: Mama ameongea na Shangazi Evalyne wa Kimana, nikachambue vitunguu shambani kwake hadi nipate chuo. Sitaki vitunguu. Nimeamua kuwa na busara kuliko Nyawira. Haitakuwa vigumu. Yeye huongea na kila mtu.

Jumanne, 13 Januari
Kituo kina programu ya kuchuja tovuti. Kila tovuti hupewa lebo: Elimu, Habari, Mifugo, Kamari, Siasa au Chuki. Zenye lebo tatu za mwisho hazifunguki, maana hapa ni kanisani.

Leo alikuja Mzee Parmuat, aliyetoa ardhi ya kujenga kituo. Yeye na wafugaji wenzake wana tovuti, Sauti ya Nyika, ya kupinga malisho kukatwa ploti. Programu imeiita Chuki. Ile ya Bwana Mburu, muuza ploti anayetaka kuwa mwakilishi wa wadi mwaka ujao, imeitwa Elimu, kwa sababu ameahidi shule mara kumi na tisa. Mzee alitaka kujua nani aliamua. Bwana Wahome akajibu kwamba ni kompyuta.

“Kompyuta hiyo ni ya ukoo gani?” Mzee akauliza.

Nilitaka kumweleza vizuri. Nikainamisha kichwa kwanza, kama tunavyoamkia wazee. Akanigusa utosini, akaenda zake.

Jumatano, 14 Januari
Bwana Wahome ametuagiza tusome tovuti zote mbili na kila mmoja wetu aamue lebo. Mwenye uamuzi bora ndiye atakayepata kazi. Mimi ndiye nitakayeingiza lebo kwenye programu kwa sababu nachapa bila kukosea.

Nimesoma hadi saa kumi. Sauti ya Nyika haina chuki. Ina kumbukumbu za mikutano minane na picha ya ua wa waya uliowazibia ng'ombe njia ya mtoni. Ya Bwana Mburu ina ramani na ahadi. Nyawira alisoma dakika tano, akaandika kwenye karatasi: “Zote ni siasa.” Dakika tano!

Ni kweli, ni siasa. Lakini hakufikiri. Siasa imefungwa. Mzee atakasirika, na Bwana Mburu, aliyetununulia viti, atakasirika pia. Mtu mwenye busara hakasirishi ardhi na viti siku moja.

Alhamisi, 15 Januari
Nimepata. Mifugo.

Sauti ya Nyika inataja ng'ombe mara arobaini na moja. Bwana Mburu anawataja mara moja, kwamba waondolewe barabarani. Mara moja inatosha. Nilimwambia Nyawira kwamba programu imekataa lebo ya Siasa. Alisema sawa, akaenda kunywa chai. Ndiyo maana nasema hana umakini.

Bwana Wahome aliuliza kama kazi imekwisha. Nilisema imekwisha. Hakuuliza zaidi, nami sikutaka kumchosha.

Jumatatu, 19 Januari
Amani. Tovuti zote mbili zinafunguka. Mzee ametuletea maziwa. Bwana Mburu ametuletea kiti kingine. Nyawira hajaletewa kitu peke yake, wala mimi, lakini najua ni vya nani.

Jumatano, 21 Januari
Sikujua kwamba programu hutuma ripoti kwa kamati ya kanisa. Wasomaji wa Mifugo wametoka watatu hadi mia mbili na kumi. Mwenyekiti, Mama Wanjira, ameomba sala ya shukrani kwamba vijana wamerudia ufugaji. Jumamosi atakuja daktari wa mifugo kutoka Kajiado kuwafundisha.

Nilifikiria kusema ukweli. Badala yake nimebandika mlangoni picha ya minyoo ya mbuzi, ili watu wajiandae.

Jumamosi, 24 Januari
Ukumbi ulijaa. Daktari alikuja na sanduku la chanjo. Aliuliza nani amesoma kuhusu ugonjwa wa miguu na midomo. Mtu mmoja akamuuliza ule ua wa karibu na mto utaondolewa lini. Mwingine akauliza bei ya ploti. Daktari alisema yeye hana ploti, ana dawa ya minyoo.

Mama Wanjira akafungua ripoti, akasoma majina ya tovuti kwa sauti. Mzee Parmuat na Bwana Mburu walikuwa wamekaa mbele. Wakageuka pamoja.

“Soipan, mtoto wangu,” Mzee akasema, “mimi niko na ugonjwa gani?”

Nikainamisha kichwa. Safari hii hakukigusa. Alisubiri. Mwishowe nikaiambia sakafu kwamba zote mbili ni siasa.

“Sasa si ni siasa?” Bwana Mburu akasema. “Mimi naomba kura. Ulidhani nauza maziwa?”

Mzee alisema Siasa anaikubali, alichokataa ni Chuki. Kamati ikakubali kuwafungulia watu wazima Siasa. Ilichukua dakika nne. Kisha Nyawira akauliza, bila ubaya wowote, kama programu haikuwa imeikataa lebo hiyo. Bwana Wahome akaijaribu mbele ya watu. Haikukataa.

Jumapili, 25 Januari
Nyawira ameajiriwa. Bwana Wahome aliniita pembeni, akasema nilisoma vizuri kuliko mwenzangu, kosa langu ni kuogopa jibu nililokuwa nalo. Nimelitafakari neno hilo ibada nzima. Nadhani hajafikiria suala la viti.

Mama amekunja nguo zangu.

Jumatano, 28 Januari, Kimana
Shangazi hupanga vitunguu mafungu matatu: vikubwa, vidogo, vilivyooza. Leo majirani wawili walileta vyao viende sokoni na vyetu. Kila mmoja alidai vyake ni vikubwa na vya mwenzake ni vidogo. Shangazi akaniambia niamue, maana nimesoma.

Nilivipima kwa rula. Vilikuwa vidogo, vya wote wawili. Lakini walikuwa wamesimama pale wakinitazama, na mmoja ndiye mwenye mfereji wa maji, mwingine ndiye mwenye lori.

Nimevipakia kwenye makreti nikaandika Nyanya. Wote wawili wamenishukuru. Lori linaondoka kesho asubuhi.