Siku Honi Ilipoingilia Barua Yangu ya Posa

Jamani, leo sina uso. Aibu niliyoipata Kidodi sijui niifiche wapi.

Pikapu yangu mnaifahamu, ile ya zamani niliyoachiwa na baba mdogo. Ilikuwa na ugonjwa mmoja: ukiwasha taa kubwa, haupiti muda swichi inachemka mpaka inakuunguza kidole, na gari zima linanuka plastiki. Na mimi ndiye fundi umeme wa magari hapa Magomeni, Kilosa! Ya watu natengeneza, ya kwangu inanuka.

Sasa leo ilikuwa siku ya kupeleka barua ya posa kwa kina Zainabu, kule Kidodi. Miaka miwili nimemsubiri huyu binti, na baba yake ni mkali, dereva mstaafu wa malori ya miwa. Wapelekaji ni mshenga wangu, Mzee Kibwana, pamoja na shangazi Mwajuma. Gari langu, kwa hiyo dereva mimi. Ila mzee alinipa sharti.

"Muoaji haendi na barua. Utaegesha kwa pembeni, utulie humo garini. Usionekane, usisikike."

"Sawa mzee."

(Kwani kukaa kimya ni kazi?)

Asubuhi nikasema siendi ukweni na gari linanuka. Ugonjwa nilikuwa naujua: moto wote wa taa, yaani umeme wake, ulikuwa unapita kwenye swichi. Dawa yake ni rilei. Unavuta waya mnene kutoka kwenye betri, rilei inabeba mzigo, swichi inabaki kutoa amri tu. Nikafunga. Nikawasha taa, nikashika swichi. Baridi kama mtungi! Nikajipigia makofi mwenyewe.

Ukabaki waya mmoja unaning'inia, wa honi. Nilikuwa nimeuchomoa mwanzoni kwa sababu ulinizuia mkono. Mzee Kibwana naye keshafika, kanzu imepigwa pasi, barua kaifunga kwenye leso nyeupe.

"Fundi, tunachelewa!"

Nikauchomeka pale nilipoona pana nafasi, kwenye rilei, nikashusha boneti. Tukaondoka.

Tulipokaribia Mikumi, mbuzi wakajaa barabarani. Nikabonyeza honi. Kimya.

"Honi imekufa?" shangazi akauliza.

"Haijafa shangazi, nimeipumzisha."

(Mwongo mkubwa mimi.)

Kidodi tukafika salama. Nikaegesha nyuma ya ua wa jirani, wazee wakaenda kupiga hodi. Nikazima gari, nikatulia. Dakika tano. Kumi. Ndani kule wanaamua maisha yangu, na mimi huku nahesabu kuku wa watu.

Hapo ndipo shetani akaniambia: hebu jaribu swichi, uone kama bado ni ya baridi.

Nikawasha taa.

PAAAAAAAAAA!

Mama yangu! Honi! Nikataka kuizima haraka, kishikio cha swichi kikakatika, kikabaki mkononi. Ile plastiki ilishaiva siku nyingi. Funguo nimeshachomoa, lakini waya wangu mpya unatoka moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo honi inalia tu! Nikafungua boneti; kwa kuchanganyikiwa, akili yote ikaenda kwenye kufungua betri. Spana? Iko Magomeni, juu ya benchi.

Na mnajua kwetu, mchana kweupe gari likiwasha taa na kupiga honi mfululizo maana yake ni moja. Msafara wa harusi. Mama mmoja akatoka na mwiko mkononi: "Lililililiii!" Wa pili akadakia. Watoto wakaja mbio, wakapanda nyuma ya pikapu wakaanza kucheza. Kichwa cha Zainabu kikachungulia dirishani, kikarudi ndani haraka sana.

Halafu akatoka baba yake. Miwani puani, barua mkononi, imeshafunguliwa. Nyuma yake Mzee Kibwana anatazama mawinguni kama hanijui.

"Shikamoo baba!"

"Nini?"

"SHIKAMOO!"

"MARAHABA!"

Akainamia injini, akatazama mara moja tu, akavuta waya mmoja. Kimya kikaanguka Kidodi nzima. Hata vigelegele vilikatika katikati.

"Waya wa honi umechomekwa kwenye moto wa taa," akasema. "Nani kakufungia hivi?"

Nikakificha kile kishikio mfukoni.

"Fundi mmoja... wa kule Magomeni."

"Ahaa." Akarekebisha miwani, akainua barua, akasoma kwa sauti mbele ya mtaa mzima: "'Kijana wetu ni fundi umeme wa magari, hapo hapo Magomeni. Ni mpole, mtulivu, hata mtaani hasikiki.'"

Shangazi akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yanacheza! Shangazi yangu wa damu ananicheka!

Mimi nikajua posa imekufa. Nilitamani kuingia chini ya lile gari nisitoke. Baba Zainabu akakunja barua taratibu, akawatazama akina mama, akautazama ule mwiko, kisha akanigeukia.

"Jibu mtalipata baada ya wiki mbili," akasema. "Na nikikataa, hawa majirani nitawaambia walipigia vigelegele nini?"

Nusura nimkumbatie. Akaninyooshea kidole.

"Ila siku ya kuja kusikiliza jibu, fundi, panda basi."

Nimeshaulizia basi la asubuhi linaondoka saa ngapi. Na asinicheke mtu.