Mnyama Atagaye Mayai na Kadi Niliyonyimwa

Bihambwe, Masisi, Machi 1953

Bwana Mhariri,

Kwa adabu zote mimi Straton, mwalimu wa darasa la tano, naomba uchapishe malalamiko yangu juu ya mnyama mmoja wa Australia.

Vitabu vya Kifaransa humwita ornithorynque. Ana mdomo wa bata, anataga mayai, na dume lake lina mwiba wa sumu mguuni. Hata hivyo wataalamu wa Ulaya wamemweka katika jamii ya wanyonyeshao, pamoja na ng'ombe wa Mushaki na, kwa heshima zote, Bwana Administrateur mwenyewe. Ndivyo ninavyoagizwa kufundisha.

Sasa sikia yaliyonipata. Niliomba kadi ya évolué, ile ya kumtambua mtu mweusi kuwa amestaarabika. Kamisheni ikaja nyumbani. Wakafunua mashuka, wakanusa choo, wakakaa kumtazama mke wangu Verdiane akila. Alijitahidi na uma mpaka sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilipombakia pembeni mwa sahani, akaimalizia kwa kidole. Nikanyimwa kadi.

Nalalamika hivi:

1. Mnyama yule hana hata chuchu. Maziwa humtoka kama jasho, watoto wakaramba manyoya. Amekubaliwa. Verdiane amenyonyesha watoto wetu wote kwa heshima, na kidole kimoja kimetuangusha.

2. Hakuna aliyeingia shimoni mwake kukagua mashuka. Jioni ile Verdiane aliniambia, akiosha vyombo: "Papa Straton, ule nyama iko na bahati. Walimupima kwa maziwa tu. Sisi wanatupima mupaka mu choo."

3. Sumu sina.

Kwa hiyo, ama kamisheni imfuate huko Australia, ale sombe kwa uma mbele ya mashahidi, ama niandikwe pamoja naye. Sitadai kiti cha mbele.

Nisalimie wapiga chapa wote, na Mama wa nyumbani kwako.

Wako mtiifu,
Straton

Nyongeza: Kadi imefika leo asubuhi, hivyo tafadhali usichapishe. Nimeteuliwa pia kuingia kamisheni. Jumatatu tunakwenda kwa mwalimu mwenzangu Faustin, ambaye nasikia kuku wake hulala jikoni. Kuhusu yule mnyama, nimefikiri upya: afutwe. Tukimpokea kila anayebisha hodi, sisi wengine tutajulikanaje?