Rundo Langu Lililoiva Usiku Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti
Mkutano wa mji wa Mikumi na kiwanda cha sukari. Hotuba ndefu, soda moja. Nilichoelewa: taka za soko zichanganywe na makapi ya miwa ya kiwandani, zioze, ziwe mbolea, irudi mashambani. Kumbe kuoza nako ni mradi. Mimi naoza miaka yote hii, sijaletewa mfadhili.

Anatafutwa msimamizi wa kituo cha mbolea hiyo. Tumejitokeza wawili: mimi na jirani yangu Yared, mzee wa kanisa, hata mchicha wake umepangwa mstari. Kila mmoja atengeneze rundo la majaribio, Ijumaa wakague. Yared akipewa ufunguo wa geti, nitapiga hodi kwenye taka mpaka nife.

Jumanne, 5 Agosti
Loveth, binti wa ofisi ya mazingira, kaleta makapi na ndoo ya molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatoka. Kaniamkia vizuri, kisha kaanza kunifundisha. Eti molasi niizimue kwa maji mengi, rundo nilifunike udongo, likae mbali na nyumba, tembo wa hifadhini wana pua. Nikamwambia tembo nimewajua kabla hajazaliwa. Akasema ndiyo babu, na wao wanakujua.

Jumatano, 6 Agosti
Nimechungulia la Yared kule bondeni. Molasi kaizimua ikawa chai ya msibani. Mimi nimemwaga yote, bila tone la maji. Rundo liko nyuma ya jiko, asije akaliiba. Mke wangu Bibiana kauliza Yared akiiba taka atampelekea nani. Hana jicho la siasa.

Alhamisi, 7 Agosti
Tembo kaja. Mmoja tu, mstaarabu, hana kelele. Kala rundo, kala migomba, kaegemea jiko. Jiko halipo. Bibiana kahamia kwa dada yake, kijiji cha Mabwerebwere, nimwite nikipata akili. Sufuria kaondoka nazo.

Ijumaa, 8 Agosti
Wakaguzi. Rundo la Yared linafuka mvuke, zuri la kuudhi. Mimi nikawaonyesha kinyesi cha tembo uani. Nikawaeleza: la Yared litaiva baada ya miezi, langu limeiva usiku mmoja, na fundi hakudai mshahara. Bwana wa kiwandani kacheka mpaka kashika mti. Ufunguo kapewa Yared.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekula kwa Yared. Kanijazia mboga kwa dharau. Kisha nikapita ofisini kumwomba Loveth ndoo tatu za molasi. Kauliza za nini, babu, na jiko huna. Nikamwambia ndiyo maana, sasa nafasi ipo. Kosa langu lilikuwa kutegemea tembo mmoja kwa mji mzima.